Watu wa Sanduku Moja

Kabla simu za mkono hazijaingia Kitengela na kumfanya kila mtu atembee na anwani yake mfukoni, mtaa mzima ulio upande wa chini wa barabara ya Namanga ulikaa ndani ya sanduku moja la posta. Sanduku lenyewe lilikuwa namba 114, na mwenye ufunguo alikuwa Maundu, fundi seremala, mtu mrefu mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya Jumapili.

Alilikodi mwaka 1992, miaka miwili baada ya kuhama kutoka Machakos, alikokuwa akifundisha useremala katika chuo cha ufundi. Kazi ya ualimu aliiacha huko, lakini jina lilimfuata. Watu walimwita Mwalimu, naye hakuwakataza. Nani hukataa cheo cha bure? Jirani wa kwanza aliomba kutumia sanduku hilo kwa barua moja tu, ya kazi. Wa pili naye akaomba kwa barua moja tu. Kufikia mwaka 1995 majina yalikuwa thelathini na moja, yameandikwa kwa penseli kwenye ubao ndani ya karakana, na kila mwaka liliongezwa jingine.

Maundu aliichukua kazi hiyo kwa uzito kuliko wanaolipwa kuifanya. Kila Jumamosi asubuhi alipanda baiskeli kwenda posta, na ikifika saa sita watu walikuwa wameshakaa kwenye baraza ya karakana wakingoja kuitwa. Alikuwa na utaratibu wake. Barua za serikali zilitangulia, zikafuata za shule, kisha za nyumbani. Zile zenye manukato zilikuwa za mwisho, kwa sababu, alisema, wenye mapenzi wana subira. Hakuwahi kufungua barua ya mtu asipoombwa, wala hakuwahi kupoteza hata moja. Na kwa kuwa barua nyingi za serikali zilikuja kwa Kiingereza kigumu, mwenye barua alimrudishia mkononi akimwambia, "Nisomee, Mwalimu." Naye alisoma pale pale, mbele ya watu wote, kwanza kwa Kiingereza ili mwenyewe asikie uzito wake, kisha kwa Kiswahili.

Nakhumicha aliingia kwenye ubao ule mwaka 1994, jina la ishirini na tatu. Alikuja kutoka Bungoma akimfuata mumewe aliyekuwa na kazi kiwandani Athi River. Mume akafariki, kazi ya kiwandani haikurithiwa, na mama yule akabaki na cherehani moja na binti mmoja, Elsie. Watu walimwita Mama Elsie. Alishona sare, mapazia, na baadaye mashuka ya vituo vya afya. Alikuwa mwepesi wa kucheka na mzito wa kuomba, na kigoda chake kwenye baraza ya Maundu kilikuwa kile cha karibu na mlango, chenye mguu mmoja mfupi. Maundu aliahidi kukitengeneza tangu mwaka wa kwanza. Seremala hana kiti kizuri nyumbani kwake, hilo linajulikana.

Mvua za El Niño zilipokata barabara mwanzoni mwa 1998, barua ya Elsie ya kuitwa kidato cha kwanza ilikuwa imelala posta. Shule ilikuwa imetoa siku ya mwisho, na Mama Elsie alikuwa ameshaanza kulia kimyakimya juu ya cherehani. Maundu alivua viatu, akavuka maji yaliyomfika kiunoni, akarudi na barua ndani ya kofia yake, kofia ikiwa kichwani. Elsie akasoma, akawa muuguzi. Kila mara hadithi hiyo ilipotajwa, Maundu alisema maji yalifika kifuani. Mama Elsie hakumsahihisha hata siku moja.

Hakuna mtu angeyaandika haya yote, kama Maundu hangekuwa na ugonjwa mmoja. Ugonjwa wenyewe ulikuwa tenda ya madawati.

Ulimwanza mwaka 1996, alipopewa kazi ndogo ya kutengeneza sanduku la tenda la ofisi moja ya serikali mjini Kajiado. Alilitengeneza kwa mbao ya mvule, likiwa na tundu jembamba juu na mahali pa kufuli mbili, ili afisa mmoja asiweze kulifungua bila mwenzake. Kilikuwa kitu kizuri. Tangu mwaka huo, kila tenda ya madawati ya shule ilipotangazwa, Maundu alijaza fomu, akaenda Kajiado, akaitumbukiza bahasha yake ndani ya sanduku alilolichonga mwenyewe. Na kila mwaka tenda ilikwenda kwa mtu mwingine. Mara nyingine aliyeshinda hakuwa hata na msumeno.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, Maundu alijiambia, na mwaka uliofuata akarudi. Lakini baada ya 2003, elimu ya msingi ilipofanywa ya bure, jambo lile liliacha kuwa la sifa tu. Alipita kwenye shule moja njia ya Kisaju akaona watoto wa darasa la pili wamekaa chini, daftari juu ya magoti, sakafu ikiwa ya udongo. Maundu alisimama dirishani muda mrefu, mpaka mwalimu wa darasa akatoka kumuuliza kama ana mtoto pale. Alikuwa anakaribia miaka sitini, na bega la kulia lilianza kumlalamikia kila aliposhika randa. Alitaka kutengeneza madawati yale kabla bega halijamwambia basi. Hakutaka kitu kingine kwa nguvu namna hiyo.

Ndipo ukaja mwaka 2007 na habari ya daftari la mtandaoni. Tangazo lilibandikwa ubaoni Kajiado: ofisi ile ilikuwa inajaribu utaratibu mpya. Anayetaka kuiuzia serikali chochote, kuanzia chaki hadi mchanga, ajiandikishe kwanza kwenye kompyuta. Majina yatakaa kwenye tovuti, kila mtu ayaone, na asiyekuwemo bahasha yake haitafunguliwa. Tenda ya madawati mia nne ingefungwa mwisho wa mwezi.

Maundu alifurahi. Aliamini kwamba mashine, tofauti na watu, haina binamu. Alivaa koti, akaenda kwenye saiba ya Lorine, msichana wa Kakamega aliyekuwa na kompyuta nne na feni moja mkabala na stendi. Lorine alimjazia kila kitu: jina, kazi, mtaa, simu, anwani. Akabonyeza. Maandishi mekundu yakatokea.

"Imekataa, Mwalimu."

"Imekataa nini?"

"Box. Inasema hii box iko na mtu tayari. Ngoja nijaribu tena." Akajaribu tena. Akajaribu kuongeza herufi mbele ya namba, mashine ikataka namba peke yake. "Manze, hii kitu ni ngumu. Ooh, nimejua! Mama Elsie. Nilimjazia Jumatatu, mambo ya mashuka. Yeye ndiye ameshika."

"Hiyo box ni yangu, Lorine."

"Najua ni yako. Kila mtu anajua. Lakini mashine haijui."

Maundu akaenda posta kuomba sanduku la pili. Masanduku yote yalikuwa yamekodiwa, akaandikwa kwenye orodha ya kungoja nyuma ya watu wengi. Lorine alimshauri aombe kutumia sanduku la kanisa. Maundu alimtazama kama mtu aliyeambiwa akaombe chumvi akiwa na duka.

Siku ya pili alikuwa Kajiado, mbele ya meza ya Soila, afisa kijana aliyesimamia daftari lile. Hakuwa mkali wala mpole. Alikuwa na faili nyingi.

"Sopa, madam," Maundu akamsalimu kwa Kimaasai.

"Ipa, mzee. Keti."

Maundu akaeleza. Soila akasikiliza mpaka mwisho, kitu ambacho maafisa waliomtangulia hawakuwa na desturi nacho.

"Mzee, hiyo si makosa ya mashine. Iliambiwa ifanye hivyo. Kuna watu hapa walikuwa wanaleta tenda tano, kampuni tano, na zote ni mtu mmoja na box moja. Anashindana na yeye mwenyewe, halafu anashinda. Sasa ni box moja, mtu mmoja."

Maundu alikubali kwamba kanuni ilikuwa nzuri. Aliwajua baadhi ya watu hao. Wawili walikuwa wamemshinda. "Lakini sisi ni majirani tu," akasema. "Hiyo box inatumiwa na watu zaidi ya thelathini."

Soila aliweka kalamu chini. "Usiseme hivyo kwa sauti, mzee. Kama mnajuana na box ni moja, kwa hii karatasi nyinyi ni kitu kimoja. Nitawatoa wote wawili mpaka mchunguzwe, na hiyo haitaisha kabla tenda kufungwa. Kama hamjuani, basi yeye ametumia anwani yako bila ruhusa. Namtoa, wewe unaingia. Andika barua useme ni gani kati ya hizo mbili, ulete na risiti ya posta."

"Na nikitaka tuingie wote wawili?"

"Haiwezekani."

Maundu alirudi Kitengela akiwa amekaa na maneno hayo mawili, mnajuana na hamjuani. Angeweza kwenda moja kwa moja kwa Mama Elsie. Nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili kutoka karakana. Alifika hata kwenye kona, akasikia cherehani ikienda, akageuka. Alijiambia kwamba mambo ya ofisi yangemchanganya mama wa watu. Ukweli ni kwamba aliogopa Mama Elsie angemwambia "sawa" kwa moyo mmoja, naye Maundu akabaki na deni lisilolipika, au angesema "hapana", na hilo lingekuwa haki yake.

Aliandika barua Jumatano baada ya chakula cha mchana, kwa Kiingereza, kwenye meza ya karakana. Nakala ya kwanza ilisema ni jirani yake. Akaichana. Ya pili ilisema wanafahamiana kidogo. Hiyo pia akaichana, kwa sababu kufahamiana kidogo hakukuwa na mahali kwenye kanuni za Soila. Mkewe, Syokau, alipita na kikombe cha chai.

"Unaandikia nani?"

"Serikali."

"Na vile umekunja uso, serikali imekufanya nini?"

"Weka chai hapo."

Nakala ya tatu ilikuwa na sentensi tatu. Sanduku 114 ni langu. Mtu anayeitwa Nakhumicha, mshonaji, simjui. Ninaomba jina lake liondolewe. Akatia sahihi, na sahihi yake ilikuwa nzuri kama kawaida, maana aliwahi kuwafundisha vijana kwamba fundi hujulikana kwa jinsi anavyomaliza.

Ijumaa akawa Kajiado tena. Soila alipokea barua, akaipiga muhuri wa tarehe bila kuisoma, akafungua faili ili aitie ndani. Juu kabisa kulikuwa na karatasi nyingine, ya daftari la mistari, imeandikwa kwa Kiswahili kwa kalamu ya kijani. Akaisoma ile ya Maundu. Kisha akamtazama Maundu.

"Huyu mama alikuwa hapa jana," akasema.

"Mama gani?"

"Nakhumicha. Alisema msichana wa saiba amemwambia mashine imekukataa kwa sababu yake. Amejitoa."

Maundu hakuelewa mara moja. "Hukuniambia mtu anaweza kujitoa."

"Hukuuliza, mzee. Wewe uliuliza kama mnaweza kuingia wote wawili. Yeye aliuliza, na mimi nikijitoa? Nikamwambia kujitoa hakuna masharti." Soila aligeuza ile karatasi ya kalamu ya kijani, akaisoma tena kwa macho, akaifunika. "Amesema wewe ndiwe umempokelea barua miaka kumi na tatu. Kuna hata mambo ya maji ya kifua na kofia."

Maundu aliona aibu. Iliingia kwa miguu, ikapanda, mpaka masikio yakamwaka. Alinyoosha mkono. "Basi hiyo yangu haina kazi tena. Nirudishie."

"Imepigwa muhuri. Ikipigwa muhuri si yako tena."

"Binti yangu, ni karatasi moja tu."

"Mzee, huu utaratibu mpya ulikuja kwa sababu ya karatasi moja tu zilizokuwa zinapotea hapa." Alisema hivyo bila ubaya. "Wewe umeingia, jina lako litaonekana Jumatatu. Kila upande utatumiwa nakala ya mambo yaliyo kwenye faili. Hiyo ni kanuni pia."

"Zitatumwa wapi?"

Soila alikuwa ameshachukua faili lingine. "Kwa anwani iliyoandikwa," akasema.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Maundu ilitoka Kajiado, ikapita Kisaju, ikaishia kwenye sanduku lake mwenyewe.

Jina lilitokea Jumatatu kama alivyoahidiwa. Lorine aliuchapa ukurasa ule akampelekea karakana: Maundu, seremala, Kitengela. Aliubandika ukutani kando ya ubao wa majina. Kwa siku mbili aliutazama kila alipoinua kichwa. Mama Elsie alipita njiani Jumanne na mzigo wa vitambaa kichwani, akampungia mkono, akapaza sauti, "Hongera, Mwalimu! Sasa watoto wataketi!" Hakutaja Kajiado. Maundu akainua randa juu kumjibu, na akaona kwamba akiamua kusema, wakati ni huu. Mama Elsie akakata kona.

Jumamosi ya pili ya mwezi ule alifungua sanduku akakuta barua tisa. Bahasha mbili zilikuwa za rangi ya kaki, ndefu, zenye chapa ya utumishi wa serikali. Moja ilikuwa na jina lake. Ya pili ilikuwa na jina la Nakhumicha.

Alisimama nje ya posta akiwa ameishika baiskeli. Bahasha ya kaki si kitu. Inaweza kuanguka njiani. Upepo wa Kitengela ule unaotoka uwanda wa mbuga umebeba mabati, sembuse karatasi. Jiko la gundi karakanani lilikuwa likiwaka tangu asubuhi, na takataka za mbao hazina macho. Hakuna mtu duniani angejua, isipokuwa Soila, na Soila alikuwa na faili nyingi. Maundu aliwaza yote hayo, na hakujizuia kuyawaza. Kisha akaitia bahasha pamoja na zingine nane, akazifunga kwa mpira, akapanda baiskeli.

Siku hizo wangojaji walikuwa wamepungua. Simu zilikuwa zimewachukua wengi. Walikuwepo saba hivi. Mama Elsie alikuwa kwenye kigoda chake cha mguu mfupi, akimsimulia Syokau habari za mjukuu, na wote wawili wakicheka. Maundu alifungua mpira. Utaratibu ulikuwa ule ule wa miaka kumi na mitano, barua za serikali kwanza. Yake aliiweka kando.

"Nakhumicha," akaita.

Watu waligeuka, kwa kuwa siku zote alimwita Mama Elsie. Mwenyewe aliinuka, akapangusa mikono kwenye leso, akapokea bahasha kwa mikono miwili. Akaifungua kwa pini ya cherehani aliyoichomeka kwenye ukosi wa gauni. Ndani kulikuwa na karatasi mbili. Moja aliitambua, ilikuwa nakala ya mwandiko wake mwenyewe. Ya pili ilikuwa kwa Kiingereza. Aliitazama kidogo, akamrudishia.

"Nisomee, Mwalimu."

Alikuwa akiisubiri sentensi hiyo tangu posta. Aliishika karatasi. Aliijua kila mkato, aliujua hata ule wino uliokolea pale alipokaza kalamu. Angeweza kuwaambia ni barua ya shukrani kutoka ofisini. Hakuna mtu barazani pale ambaye angebisha. Kwa miaka yote hiyo, chochote alichosoma Maundu ndicho kilichokuwa kimeandikwa.

Aliisoma kwa Kiingereza kwanza, kama ilivyokuwa desturi yake. Kisha akasoma kwa Kiswahili, sentensi moja moja, hakuruka neno.

"Sanduku 114 ni langu. Mtu anayeitwa Nakhumicha, mshonaji, simjui. Ninaomba jina lake liondolewe."

Syokau alikuwa ameshika birika. Aliliweka chini.

"Imetiwa sahihi?" akauliza Nakhumicha.

"Imetiwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Nakhumicha akanyoosha mkono, akaichukua karatasi. Aliikunja mara mbili, akaikunja pamoja na ile ya kalamu ya kijani, akazirudisha ndani ya bahasha, na bahasha akaitia kwenye mkoba wake wa vitambaa. Alirudi kwenye kigoda chake. Kikaegemea upande, kama kawaida yake, naye akakaza mguu kukizuia.

"Kuna ingine yangu?"

"Hakuna."

"Basi endelea, Mwalimu," akasema. "Watu wanangoja barua zao."